Kufufua fremu ya pikipiki ya zamani, kuanzia ndani ya bomba

Ukikuta Honda XL125S, Yamaha DT175 au Suzuki TF125 ya zamani imepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama kioo, usiitazame rangi. Inama, pitisha kidole chini ya bomba karibu na ekseli ya swingamu (mkono wa nyuma unaoshika gurudumu), pale mabomba ya chini yanapokutana na pleti za nyuma. Kidole kikitoka na unga wa kahawia, au ukagusa vipele chini ya rangi, jua kwamba aliyeifanyia kazi alianzia mwisho.

Fremu hizi ni mabomba ya chuma laini, ukuta wake mara nyingi kati ya milimita 1.6 na 2.3. Nje zilipakwa rangi nyembamba ya kiwandani, ndani hazikuwekwa kitu. Maji huingia kupitia matundu ya bolti za kiti na keria, au kwenye maungio ambayo weldi haikuzunguka yote, kisha hushuka na kutulia sehemu ya chini kabisa. Kiwanda kiliacha vitundu vya kutolea maji, lakini matope ya miaka mingi yameviziba, na mashine ya presha ya kuoshea inazidi kuyashindilia. Kwa hiyo chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona kutu juu ya rangi, ndani tayari kuna shimo.

Kuvua

Piga picha za njia ya waya na kebo pande zote mbili za shingo ya fremu (bomba la mbele linaloshika usukani) kabla hujagusa nati hata moja. Kebo ya klachi ikipita upande usio wake, itasaga rangi mpya ndani ya mwezi mmoja. Kila kundi la bolti liwe na mfuko wake wenye maandishi.

Namba ya chasisi kwa kawaida imegongwa kwenye shingo. Isafishe kwa thina na brashi ya nailoni tu, usiiguse kwa grainda. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli iliyolala, utapata nakala kamili ya kulinganisha na kadi. Namba iliyopunguzwa kina kwa msasa au kujazwa puti itakuletea maswali siku ya ukaguzi au ya kuhamisha umiliki, na hakuna maelezo yatakayomridhisha askari.

Kizuizi kikubwa huwa ni ekseli ya swingamu. Imekaa ndani ya bushi zake miaka 40 bila grisi na imeshikana nazo. Kuipiga nyundo kichwani kunavimbisha ncha, kisha haitoki kabisa. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya ekseli ili uzi usiharibike, mwagia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, acha usiku mzima, kisha jaribu kuizungusha kwa spana kabla ya kuipiga. Ikizunguka, itatoka. Ikigoma hata baada ya kupasha bushi moto, chukua msumeno wa chuma, ingiza ubao wake kwenye nafasi kati ya fremu na swingamu, ukate ekseli pande zote mbili. Unapoteza ekseli na bushi, vitu vinavyochongeka kwa fundi wa mashine ya kukereza. Ukitumia nguvu unapoteza pleti za fremu, na hizo hazichongeki.

Gololi za shingo zihesabu zinapotoka, juu na chini kila moja peke yake. Pikipiki nyingi za Kijapani za wakati ule zina gololi huru, si beringi nzima, na saizi ya juu inaweza kuwa tofauti na ya chini. Pima kwa venia, kipimo cha taya cha milimita. Vikombe vyake vitoe kwa chuma kirefu ukigonga kutoka upande wa pili, ukizunguka kidogo kidogo. Ukigonga upande mmoja tu, kikombe kitapinda na kukwangua shingo ndani.

Kama imepinda au imepasuka

Fremu tupu inapimika bila mashine. Pitisha bomba lililonyooka kwenye tundu la ekseli ya swingamu, na jingine kwenye shingo, yote yakibana vizuri. Funga fremu juu ya meza mpaka bomba la swingamu lisome sawa kwa pima maji. Sasa ning'iniza timazi mbele ya bomba la shingo, urudi nyuma uangalie kwa jicho moja. Yakitofautiana milimita 1 kwa urefu wa milimita 300, vumilia. Yakitofautiana 3, pikipiki itavuta upande mmoja barabarani, na hakuna marekebisho ya cheni yatakayoiponya. Iliyogonga kwa mbele huonyesha dalili nyingine: bomba la mbele limevimba au kufanya mikunjo sentimita chache chini ya shingo. Hapo mpelekee mtu mwenye jigi, yaani kibanio cha chuma cha kunyooshea fremu. Bomba lililopashwa moto na kunyooshwa kwa macho halirudi na nguvu yake.

Nyufa zina makazi yake: kwenye visahani vya kuimarisha chini ya shingo, mashikio ya injini, mashikio ya juu ya shokapu za nyuma, mzizi wa stendi ya pembeni, na pale keria ilipofungwa. Keria ndiyo muuaji mkubwa. Fremu iliyotengenezwa kubeba watu wawili imebeba magunia ya mkaa, na chuma kinakumbuka.

Njia ya bei nafuu ya kuziona ni mafuta ya taa na chaki. Ng'arisha weldi kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri dakika 15, futa mpaka pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa hurudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, mwembamba kama ulivyo ufa wenyewe. Zipo pia kopo za dawa nyekundu na unga mweupe zinazofanya kazi hiyohiyo kwa uhakika zaidi, na kwa sehemu ya shingo inafaa kuzinunua.

Halafu gonga mabomba yote kwa nyundo ndogo, hasa upande wa chini. Bomba zima hulia, lililoliwa hutoa sauti butu. Pale penye shaka, bonyeza kwa ncha kali ya chuma bila huruma. Bora litoboke mezani.

Kuchomelea

Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa, la sivyo ufa utaendelea kutembea chini ya weldi mpya. Fungua ufa kwa grainda uwe na umbo la V, chomelea, kisha acha upoe wenyewe. Ukimwagia maji, chuma cha pembeni kinakuwa kigumu na kupasuka upya milimita chache kando ya weldi.

Mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya) yenye waya wa milimita 0.8 inatosha kwa sehemu nyingi, TIG (ya gesi na ncha ya tangsteni) ni bora kwa shingo. Ukiwa na mashine ya kawaida ya vijiti, tumia kijiti cha milimita 2.0 kwa ampea 45 hadi 60. Kile cha 2.5 ambacho kila gereji inacho kinahitaji moto mkubwa, na kwenye ukuta wa 1.6 unatoboa shimo ambalo baadaye linajazwa kwa donge. Donge linaonekana imara kwa sababu ni kubwa, lakini chini yake hakuna kilichoshikana.

Tahadhari na fremu iliyowahi kuungwa kwa gesi na shaba. Chuma kikiwa bado na shaba, weldi ya umeme inapasuka inapopoa, kwa kuwa shaba iliyoyeyuka hupenya ndani ya chuma. Saga mpaka rangi ya dhahabu iishe kabisa, au rudia kwa shaba. Vilevile, mwenye Triumph au BSA ya miaka ya 1950 ambayo mabomba yake yameingia kwenye maungio ya kutupwa asithubutu kuweka weldi ya umeme juu ya maungio hayo. Mengi yaliungwa kwa shaba tangu kiwandani.

Unapochomelea karibu na ekseli ya swingamu au mashikio ya injini, ziache bolti zake zikiwa zimefungwa, na ikiwezekana ganda la injini bovu liwe mahali pake. Ziko fremu ambazo bomba la mbele haliendelei chini ya injini. Injini yenyewe ndiyo inayofunga umbo. Ukichomelea fremu ya namna hiyo ikiwa tupu, moto unavuta mabomba na injini haitarudi bila mtaimbo.

Sehemu ya bomba iliyooza haifunikwi kwa kiraka cha bati. Inakatwa mpaka kwenye chuma kizima, bomba jembamba linaingizwa ndani angalau sentimita 3 kila upande, kisha bomba jipya lenye kipenyo kile kile linakaa katikati na kuchomelewa. Kiraka cha juu kinafungia kutu ndani na kuacha mfuko mpya wa kukusanyia maji.

Funga kavu kwanza

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa rangi. Kabla ya tone lolote la praima, rudisha injini, swingamu, magurudumu, tangi, kiti, madigadi na ekzosi. Kila kinachohitaji kusagwa, kupindwa au kutobolewa kifanyike sasa.

Pitisha tapi, chombo cha kusafishia uzi, kwenye matundu yote yenye uzi. Kwenye pikipiki za Kijapani M6 (bolti ya kipenyo cha milimita 6) huwa na hatua, yaani umbali wa uzi mmoja hadi mwingine, ya milimita 1.0 na M8 hatua ya 1.25, sawa na bolti za dukani. Mtego uko kwenye M10: hapa hatua kwa kawaida ni 1.25, wakati bolti ya M10 ya duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, fundi anaongeza nguvu, uzi unaondoka. Bolti za M10 za Boxer na za pikipiki nyingi za Kichina zina hatua ya 1.25, kwa hiyo nenda duka la spea za bodaboda, siyo la mabati.

Kutoa rangi na kutu

Kupiga mchanga kwa kompresa ndiyo njia bora, kwa sababu brashi ya waya haifiki kwenye kona za maungio. Swali ni mchanga gani. Mchanga wa ufukweni, unaopatikana bure kuanzia Mombasa hadi Mtwara, una chumvi. Chumvi hiyo inabaki kwenye vishimo vya chuma, na miezi sita baadaye rangi inatoa malengelenge hata kama kila kitu kingine kilifanyika sawasawa. Mchanga wa mtoni hauna chumvi lakini vumbi lake la silika linaharibu mapafu moja kwa moja, na kitambaa puani hakizuii. Tafuta karakana inayotumia ganeti (punje ngumu za madini) au chembe za chuma.

Kabla ya kupeleka, ziba shingo na tundu la swingamu kwa vizibo vya mbao, funga bolti kuukuu kwenye kila tundu lenye uzi, na uifunike namba ya chasisi kwa tabaka kadhaa za tepu nene. Baada ya kupigwa, pindua fremu na kuigonga kwa nyundo ya mpira huku ukipuliza hewa. Mchanga ulioingia kwenye mabomba utakuja kutoka siku ya rangi, tena katikati ya koti la mwisho.

Kama huna pa kupiga mchanga, magadi makali ya kostiki hutoa rangi ya zamani: gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji. Magadi ndiyo huingia kidogo kidogo kwenye maji ya baridi, kisha ndipo yapashwe moto; usimwage maji juu ya magadi. Vaa glavu na miwani, na usitumbukize kitu chochote cha alumini, kitachemka na kuliwa. Suuza sana. Kutu inayobaki sugua kwa brashi, paka dawa yenye asidi ya fosfori, kisha ioshe kama kopo linavyoagiza.

Hapo kwenye asidi ndipo kazi nyingi zinapofia. Praima ya epoksi haiwezi kukauka vizuri juu ya mabaki ya asidi, kwa kuwa asidi inavuruga hadina yake, kigumisho kinachochanganywa nayo. Rangi inakaa juu, inang'aa, na baada ya wiki unaibandua kwa ukucha kwa vipande vipana. Chagua njia moja: chuma kilichopigwa mchanga kinapokea epoksi moja kwa moja bila asidi yoyote. Usipake epoksi juu ya praima ya asidi isipokuwa mtengenezaji mmoja wa zote mbili ameandika kwamba inaruhusiwa.

Rangi ya unga au ya kupuliza?

Karakana zinazopaka madirisha ya alumini zitakupakia fremu kwa unga na kuioka kwenye nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20. Ni ngumu na ni ya haraka. Lakini grisi na mafuta yaliyobaki ndani ya bomba yanachemka tanurini na kutoka juu ya rangi, puti ya kawaida haivumilii joto hilo, na unene wa mikroni 60 hadi 100 kila upande unabana mashikio ya injini. Tena ikichubuka na jiwe, maji yanatembea chini yake kimya kimya na huwezi kuirekebisha kipande. Kwa pikipiki ya maonyesho au ya bara kavu, sawa. Kwa inayotembea Pwani kila siku napendelea rangi ya kupuliza ya vikopo viwili (rangi na hadina), kwa sababu unaweza kuikarabati. Anayeng'ang'ania unga aombe praima ya unga yenye zinki chini yake.

Rangi ya NC (ya nitroselulosi) ya bei rahisi iachie geti. Petroli ikidondoka kutoka kabureta, rangi hiyo inayeyuka.

Fremu ya 125 pamoja na swingamu na stendi inakula takriban nusu lita ya praima iliyokwisha changanywa na nusu lita ya rangi. Uwiano wa hadina hutofautiana, 4 kwa 1 au 2 kwa 1, fuata kopo na upime kwa kikombe chenye mistari. Kukadiria kwa macho kunaacha rangi laini isiyokauka milele, na kuongeza hadina "ili ikauke haraka" kunaifanya ivunjike. Hadina ya rangi hizi za vikopo viwili kwa kawaida ina isosayanati, kemikali inayodhuru mapafu: vaa barakoa yenye vichujio vya gesi, fanya kazi penye hewa.

Muda wa kupuliza ni kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Alfajiri chuma bado ni baridi kuliko hewa na kinatoa jasho usiloliona. Adhuhuri, jua linakausha ngozi ya juu kabla thina ya chini haijatoka, kisha inatoka kwa nguvu na kuacha vitundu vidogo kama vya sindano. Mvua ikiwa imenyesha, ahirisha. Baada ya kupiga mchanga, hata hivyo, huna anasa ya kusubiri: kwenye hewa ya Dar es Salaam chuma kitupu huanza kugeuka rangi ndani ya saa chache, kwa hiyo praima lazima iingie siku ileile. Panga kazi kwa kuangalia hali ya hewa, si kwa kuangalia lini fundi ana nafasi.

Futa kwa dawa ya kuondoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja kinapaka, kingine kikavu kinafuata kabla haijakauka. Ning'iniza fremu kwa waya kupitia shingo. Mwaga maji ya tenki la kompresa, na uwe na kichujio cha maji karibu na bunduki. Ncha ya bunduki ya milimita 1.3 au 1.4, presha karibu baa 2. Anza na sehemu za chini na kona za ndani za maungio, malizia na mabomba marefu. Ukianza na yanayoonekana, kona zitabaki na ukungu mkavu na mabomba yatapata makoti manne na kuchuruzika. Makoti mawili ya praima, dakika 15 hadi 20 katikati, msasa wa 400, kisha makoti mawili ya nyeusi. Vikitokea vishimo vya mviringo ambavyo rangi inavikimbia, ni silikoni: mtu alipuliza dawa ya kung'arishia dashibodi karibu, au fremu haikufutwa. Usiongeze rangi juu yake. Acha ikauke, piga msasa, futa, rudia.

Usitafute mng'ao wa gari jipya. Nyeusi ya kiwandani ya wakati ule ilikuwa na mng'ao wa kiasi, na fremu inayomeremeta kupita tangi lake inaonekana ngeni.

Ndani ya mabomba, na kufunga

Rangi ikishakauka siku 7, ndipo unashughulikia ndani. Nta ya kupuliza ya magari ndiyo bora. Badala yake ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakipunguzwa kwa tapentaini, sehemu mbili za mafuta kwa moja ya tapentaini. Mililita 250 hadi 300 zinatosha: mimina kupitia matundu ya juu, ziba, geuza fremu pande zote, iache imesimama usiku kucha ijichuje. Mafuta haya hukauka yakawa ngozi. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje au vitumbukize kwenye maji. Vikikunjwa na kutupwa kwenye pipa hupata joto vyenyewe na kuwaka. Mafuta machafu ya injini, ambayo mafundi wengi humimina, hayakauki, yana asidi ya moshi, na yanavuja kwenye kila tundu mwaka mzima. Kisha pitisha waya kwenye vitundu vya chini kuhakikisha viko wazi.

Kwangua rangi mpaka chuma kitupu mahali pawili: kisahani cha waya wa ethi (unaorudisha umeme kupitia fremu), na pale injini inaposhika fremu. Matatizo mengi ya taa na moto hafifu baada ya kupaka rangi ni ethi iliyokaa juu ya rangi nzuri. Paka grisi kidogo baada ya kufunga.

Vikombe vya shingo viingie kwenye chuma kisicho na rangi, gololi mpya zote, grisi ya lithiamu kwa wingi. Kaza nati ya shingo hadi usukani uanguke wenyewe upande kwa upande bila kukwama na bila mchezo ukivuta foku mbele na nyuma. Bolti za injini, M8 karibu Nm 22 na M10 karibu Nm 40, zikaze baada ya zote kuwa zimeingia, siyo moja moja. Rangi mpya hubonyea chini ya washa za bolti, kwa hiyo zirudie zote baada ya kilomita 200. Shingo nayo hulegea gololi zikipata makazi. Ikague baada ya kilomita 500, na ukisikia mgoto unapofunga breki ya mbele, usisubiri hizo kilomita.